Piramidi ya Namba: Mhadhara kwa Watahiniwa na Walimu wa Bujumbura

Piramidi ya namba ni rundo la matofali lililopangwa kwa safu. Kila safu ina tofali moja pungufu kuliko safu iliyo chini yake, mpaka juu kabisa linapobaki tofali moja tu, la kilele. Ndani ya kila tofali mna namba, na kanuni ya kawaida ni hii: namba ya tofali ni jumla ya namba za matofali mawili yanayolibeba. Mtunga mtihani huandika namba chache, huacha matofali mengine tupu, kisha huuliza iliyokosekana. Mjini Bujumbura, ambako kuta za matofali ya kuchoma hujengwa vivyo hivyo, tofali la juu likikalia maungio ya mawili ya chini, sura ya fumbo hili haihitaji maelezo marefu.

Mafumbo ya jamii hii yamo katika majaribio ya uwezo wa kufikiri, yale ambayo nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Jeshi la Marekani lilipowapima askari wapya mwaka 1917 kwa jaribio lililoitwa Army Alpha, sehemu moja ilikuwa ya kukamilisha mfuatano wa namba. Nchini India, ambako kazi za serikali, reli na benki hugombewa na watu wengi mno, swali la namba iliyokosekana ni jambo la kila mwaka. Katika nchi zilizorithi shule ya Kifaransa na ya Kibelgiji, Burundi ikiwamo, majaribio hayo huja kwa jina la saikotekiniki, na mtahiniwa hukutana nayo anapoomba kazi au nafasi ya masomo.

Burundi ina sababu yake ya kulithamini swali la namba. Mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, huongea Kiswahili mtaani na Kirundi kwa ndugu zake wa milimani, katika madarasa ya juu hufundishwa kwa Kifaransa, na tangu mwaka 2014 Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya nchi. Swali lililoandikwa kwa aya ndefu humpima kwanza lugha, akili baadaye. Piramidi haina aya. Aliyesoma katika mtaa wa Kamenge na aliyesoma katika ule wa Rohero huiona karatasi ileile.

Hata hivyo alama zenyewe zina lugha. Shule za Kifaransa hutenga sehemu ya desimali kwa mkato, na maelfu kwa nafasi. Shule za Kiingereza hutenga desimali kwa nukta, na maelfu kwa mkato. Kwa hiyo 1,250 katika karatasi iliyotungwa Nairobi au Arusha ni elfu moja mia mbili na hamsini, ilhali kwa mazoea ya darasa la Bujumbura ni moja na robo. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Mrundi anaweza kufanya mtihani wa aina yoyote kati ya hizo mbili, na kosa la mkato humpotezea alama mtu ambaye hesabu aliijua. Jambo la kwanza, basi, kabla hata ya kutafuta kanuni, ni kujua karatasi imetumia mtindo gani.

Piramidi rahisi kabisa ni ile ambayo msingi wake umejaa:

31
15   16
8   7   9
3   5   2   7

Hapa hakuna fumbo. Tatu na tano ni nane, tano na mbili ni saba, mbili na saba ni tisa, na hivyo hivyo mpaka juu. Fumbo huanza namba zinapotawanywa. Katika piramidi ya safu tatu, msingi uwe na 7 katikati tu, tofali la kushoto la safu ya pili liwe 11, na kilele kiwe 30. Tofali la kushoto la msingi ni 11 kutoa 7, yaani 4. Tofali la kulia la safu ya pili ni 30 kutoa 11, yaani 19. La kulia la msingi ni 19 kutoa 7, yaani 12. Kazi yote imefanywa kwa kutoa, na kila hatua imetumia matofali matatu yanayogusana: moja la juu na mawili ya chini. Utatu huo ndio chombo cha kwanza cha mtahiniwa. Palipo na mbili zinazojulikana katika utatu, ya tatu imeshapatikana. Wachezaji wa ikibuguzo, mchezo wa Warundi ulio ndugu wa bao la pwani, huutazama ubao wote kwanza kutafuta shimo lenye mchezo kabla ya kugusa mbegu. Piramidi nayo itazamwe hivyo, utatu wenye namba mbili ukitafutwa popote ulipo, juu, chini au pembeni. Wengi huanza kona ya kushoto ya chini kwa mazoea ya kusoma, na hapo mara nyingi hakuna kitu.

Kuna piramidi ambazo hazina utatu wa namna hiyo, na hizi ndizo huwachuja watu. Katika moja ya safu tatu, kilele ni 50. Kona ya kushoto ya msingi ni 12, ya kulia ni 8, na katikati ya msingi pameachwa wazi, pamoja na safu yote ya pili. Anayekisia huweka 10, akapanda akapata 40, akaweka 20, akapata 60, akarudi nyuma. Hufika, lakini dakika imekwisha. Njia fupi ni kuuliza kila tofali la msingi linaingia mara ngapi katika kilele. Tofali la kushoto lina njia moja tu ya kupanda. La kulia vilevile. La katikati hupanda kwa kushoto na kwa kulia, na njia zote mbili hufika kileleni. Kwa hiyo limehesabiwa mara mbili. Kilele ni kona moja, na kona nyingine, na katikati mara mbili. Toa 12 na 8 kutoka 50, hubaki 30. Nusu yake ni 15. Safu ya pili ni 27 na 23, na jumla yake ni 50.

Wazo hili la kuhesabu njia ndilo linalobeba somo lote, kwa hiyo lastahili kukaliwa. Katika piramidi ya safu nne, tofali la kona bado lina njia moja, lakini kila tofali la ndani lina njia tatu. Idadi hiyo ya njia iitwe uzito: uzito wa msingi ni 1, 3, 3, 1. Katika safu tano ni 1, 4, 6, 4, 1. Kila mstari wa uzito hutokana na uliotangulia kwa kujumlisha majirani wawili, yaani uzito wenyewe hujenga piramidi iliyopinduliwa, kilele kikiwa chini. Wanafunzi wa Bujumbura hulijua umbo hilo kwa jina la pembetatu ya Pascal, kwa kuwa Blaise Pascal aliliandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kifo chake. Lakini si yeye aliyelianzisha. Al-Karaji wa Baghdad alilijua mwanzoni mwa karne ya 11, na maelezo yake yamehifadhiwa katika kazi ya al-Samaw'al ya karne ya 12. Nchini China Yang Hui alilionyesha mwaka 1261, akimtaja Jia Xian aliyemtangulia. Mwalimu anayelifundisha kama mali ya Ulaya peke yake huwanyima wanafunzi wake, hasa wa mitaa kama Buyenzi inayosoma Kiarabu madrasani, habari iliyo haki yao.

Piramidi iliyochorwa hapo juu yaweza sasa kuhakikiwa bila kupanda safu kwa safu. Tatu mara moja, tano mara tatu, mbili mara tatu, saba mara moja: 3, 15, 6 na 7, jumla 31. Namba zilezile zikipangwa 3, 7, 5, 2, kilele huwa 41. Namba kubwa zilizowekwa ndani huongeza kilele, zilizowekwa kona hukipunguza. Swali linalopendwa na watunga mitihani, la kupanga namba nne ili kilele kiwe kikubwa kuliko vyote, halihitaji majaribio: 5 na 7 ziende ndani, 2 na 3 ziende kona. Kilele kidogo kuliko vyote, 27, hupatikana kwa kugeuza. Namba hizo nne zina mipangilio 24, lakini hutoa vilele 6 tu: 27, 31, 33, 35, 37 na 41. Sababu ni kwamba kubadilishana nafasi kati ya kona mbili, au kati ya matofali mawili ya ndani, hakugusi kilele.

Kwa uzito huohuo, tofali lililofichwa katika msingi wa safu nne hupatikana kwa mlinganyo mfupi. Msingi ni 4, kisha tupu, kisha 6, kisha 5. Kilele ni 60. Nne, kumi na nane na tano ni 27. Zinabaki 33, na kwa kuwa tofali tupu lina njia tatu, namba yake ni 11. Kuhakiki: 4, 11, 6, 5 hutoa 15, 17, 11, hizo hutoa 32 na 28, na hizo 60.

Mgawanyo ukikataa kutoka sawasawa, mtahiniwa amepewa onyo, na onyo hilo lina thamani. Kama ingebaki 34 badala ya 33, ama namba imesomwa vibaya, ama kanuni ya piramidi si jumla tupu. Asiendelee kwa kulazimisha sehemu. Arudi kwenye karatasi.

Jambo jingine ambalo vitabu vya mazoezi hulipita haraka ni idadi ya namba zinazohitajika. Piramidi ya safu tatu ina matofali 6, na namba 3 zilizowekwa vizuri huifungua. Ya safu nne ina matofali 10 na huhitaji namba 4. Neno «vizuri» si la mapambo. Kilele na matofali mawili yaliyo chini yake ni namba tatu kwa macho, lakini mbili kwa maana, kwa sababu ya tatu ingejulikana hata isipoandikwa.

Sasa zitazamwe kona tatu za piramidi ya safu nne: msingi una 3 kushoto na 7 kulia, kilele ni 31, mengine yote ni matupu. Namba tatu hazitoshi. Matofali mawili ya ndani ya msingi yaweza kuwa 5 na 2, au 2 na 5, au 1 na 6. Kwa namba nzima zisizo hasi, kuanzia 0 na 7 mpaka 7 na 0, kuna majibu 8. Mtunga mtihani anayeuliza tofali la pili la msingi katika hali hii amekosea, na mtahiniwa ana haki ya kulalamika. Lakini akiuliza tofali la katikati la safu ya pili, hajakosea hata kidogo. Tofali hilo ni jumla ya yale mawili ya ndani. Kilele ni kona mbili pamoja na jumla hiyo mara tatu. Toa 10 kutoka 31, gawanya 21 kwa 3: jibu ni 7, na ni moja tu, ingawa yaliyo chini yake hayajulikani na hayatajulikana. Swali la aina hii ni zuri kuliko mengine yote katika jamii yake. Humtenganisha aliyezoea kujaza matofali na aliyeelewa piramidi, maana wa kwanza husimama na kusema haliwezekani.

Mitihani mingi ya mchujo hutoa majibu manne na kutaka moja lichaguliwe. Hapo shufwa na witiri hufanya kazi ya ungo. Katika piramidi ya safu tatu tofali la katikati huingia mara mbili, kwa hiyo halibadilishi ushufwa wa kilele. Kona zikiwa zote shufwa au zote witiri, kilele ni shufwa. Katika safu tano, uzito 4, 6, 4 ni shufwa yote, na kona mbili huamua tena. Katika safu nne uzito wote ni witiri, hivyo huamua jumla ya msingi mzima: 3, 5, 2 na 7 ni 17, witiri, na kilele 31 ni witiri. Kati ya majibu 30, 31, 32 na 33, mawili yamekwisha anguka kabla ya hesabu kuanza. Msingi wa namba zinazofuatana huenda haraka zaidi: 1, 2, 3, 4, 5 hutoa kilele ambacho ni ile ya katikati mara 16, yaani 48, kwa sababu 1, 4, 6, 4 na 1 ni 16.

Si kila piramidi hujumlisha. Iliyojaa namba ndogo zinazopungua kuelekea juu huenda ni ya tofauti: 9, 4, 11, 5 hutoa 5, 7, 6, kisha 2 na 1, kisha 1. Inayokua upesi mno huenda ni ya kuzidisha: 2, 3, 1, 4 hutoa 6, 3, 4, kisha 18 na 12, kisha 216. Hapa uzito hugeuka kuwa vipeo, 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, na sifuri moja katika msingi hukifanya kilele kuwa sifuri. Piramidi ambayo kila tofali lina tarakimu moja tu, hata palipo na 7 na 8 chini, huenda hutunza tarakimu ya mwisho ya jumla: 7, 8, 6 hutoa 5 na 4, kisha 9. Uzito bado unafaa. 7, 16 na 6 ni 29, na tarakimu yake ya mwisho ni 9.

Ndugu wa karibu wa piramidi ni pembetatu yenye namba tatu kwenye kona na moja ndani. Mtunga mtihani hutoa pembetatu mbili zilizokamilika na ya tatu yenye pengo. Ya kwanza ina 2 na 3 juu, 4 chini, na 10 ndani. Ya pili ina 5 na 2 juu, 6 chini, na 16 ndani. Ya tatu ina 4 na 3 juu, na 7 chini. Anayetazama ya kwanza peke yake aweza kusema: jumla ya kona, ongeza moja. Kwa 2, 3 na 4 ni kweli. Kwa 5, 2 na 6 kanuni hiyo hutoa 14, si 16, na imekufa. Za juu zikizidishwa na ya chini ikaongezwa, ya kwanza hutoa 10, ya pili 16, na ya tatu 19. Pembetatu ya kwanza hupendekeza, ya pili huhukumu. Mtahiniwa anayejibu kwa pendekezo bila hukumu hupata alama kwa bahati tu, na makosa mengi ya watu wenye akili nzuri hutoka hapa, si katika kujumlisha.

Mfuatano wa namba nao ni piramidi iliyolazwa. Uchukuliwe mfuatano 2, 5, 11, 22, 40. Tofauti za majirani ni 3, 6, 11, 18. Tofauti za hizo ni 3, 5, 7, na za hizo ni 2 na 2. Safu ya mwisho imetulia, kwa hiyo ifuatayo ni 2 tena. Juu yake huja 9, kisha 27, kisha 67, ambayo ndiyo namba inayotafutwa. Mwingereza Charles Babbage aliijenga kanuni hii ndani ya chuma: kielelezo cha mashine yake ya tofauti, alichokionyesha mwaka 1822, kilikuwa kikijumlisha safu kwa safu namna hiyohiyo.

Lazima isemwe wazi kwamba hakuna namba chache zinazolazimisha kanuni moja. Mfuatano wowote wenye mwisho waweza kuendelezwa kwa namba yoyote ile, na kanuni ikatafutwa ya kuihalalisha. Mtihani hutegemea mapatano: jibu ni lile la kanuni nyepesi kuliko zote, inayoenea katika namba zote zilizotolewa. Mapatano hayo humdai pia mtunga mtihani. Akiweka 2 na 2 chini ya 4 hajasema lolote, kwani jumla na zao la kuzidisha ni sawa. Namba 0 na 1 nazo huficha kanuni badala ya kuionyesha. Mtungaji mwangalifu huziepuka, na huitatua piramidi yake mwenyewe kwa kanuni tatu au nne kabla ya kuipeleka kwa watu ambao riziki yao imo ndani yake.

Vijitabu vya mazoezi huorodhesha aina za piramidi kwa makumi, na vijana hukesha wakizikariri. Kazi hiyo ina faida ndogo. Anayejua utatu, uzito wa safu tatu, nne na tano, na wajibu wa kuhakiki kanuni mahali pawili, amebeba karibu kila kilichomo katika vijitabu hivyo. Kilichobaki ni mkono kuzoea, na mkono huzoea kwa kutunga zaidi ya kutatua. Mwanafunzi aliyepewa karatasi tupu na kuambiwa atunge piramidi ya safu nne yenye jibu moja tu, kwa namba nne zilizoonyeshwa, atagundua mwenyewe ni wapi namba zinatosha na wapi hazitoshi. Walimu wa shule ya msingi ya miaka tisa, mfumo ulioanza nchini Burundi mwaka 2013, wangeweza kuianza kazi hii mapema sana, kwa maana haihitaji kitabu wala mashine. Chaki inatosha.

Piramidi hii ya safu tano iwe ya kuanzia: msingi ni 6, tupu, 4, tupu, 2, matofali mawili matupu yana namba moja ileile, kilele ni 88. Jibu ni 7, na msomaji anaweza kulihakiki kwa kupanda safu zote nne zilizo juu ya msingi.